Kununua kwa chuo kisiwani: namna ya kuingiza mazingira na haki za watu kwenye tenda

Siku tuliyofungua stoo ya nyuma ili tupate pa kuweka viti vipya, nilihesabu printa mbovu 37. Zilipangwa karibu kufika dari, nyengine bado zimeng'ata karatasi iliyokwama. Zilitokana na tenda za miaka tofauti, na kila aina ilikuwa na tona (wino) yake isiyoingia kwa mwenzake. Karibu zote zilishinda kwa sababu moja: siku ya kufungua zabuni, bei yake ndiyo iliyokuwa ya chini. Mtunza stoo akaniuliza, "Sasa hizi, bwana, zinakwenda wapi?" Nilikuwa nimeshakaa kitengo cha ununuzi miaka sita na sikuwa na la kumjibu.

Swali lile ndilo lililonifundisha kazi. Kisiwani kila kitu cha dukani kinakuja kwa meli, na kikishakufa hakirudi kilikotoka. Kitabaki stoo, au nyuma ya maabara kikila mvua, au kitaishia jaa la Kibele, huko huko Wilaya ya Kati viliko vyuo vya Tunguu. Anayenunua kitu Unguja au Pemba amekinunua pamoja na taka yake. Amenunua pia jasho la waliokitengeneza na watakaokihudumia, likiwa limelipwa au halikulipwa.

Nawaandikia maofisa ununuzi wenzangu, wakuu wa idara, wajumbe wa bodi za zabuni na kila mtu chuoni anayejaza fomu ya maombi ya vifaa. Huyu wa mwisho ana nguvu kuliko anavyodhani. Zabuni inapofika kwenye kamati ya tathmini, mengi yameshaamuliwa na maneno aliyoyaandika yeye.

Hatua ya 1: Fungua stoo kabla hujaandika sera

Vyuo vingi huanza na sera. Inaandikwa, inapitishwa na baraza, inawekwa kwenye faili, na tona zinaendelea kununuliwa vilevile. Nashauri uanze kinyume. Chukua vocha za malipo za miaka miwili au mitatu iliyopita, keti na mhasibu na mtunza stoo, muzipange kwa mafungu: karatasi na tona, kompyuta, samani, viyoyozi, mafuta ya magari na jenereta, kemikali za maabara, chakula cha dakhalia (mabweni) na vikao, usafi, ulinzi, ujenzi na matengenezo.

Kila fungu liulize maswali matatu. Linakula fedha kiasi gani? Linaacha nini likimalizika? Nani anaumia kwa ajili yake? Utaona fungu dogo la fedha lenye madhara makubwa, mfano betri na kemikali zilizopita muda. Utaona pia fungu kubwa ambalo hakuna aliyewahi kulitazama kwa jicho hili. Kwetu lilikuwa la usafi, na nitalirudia.

Chagua mafungu matatu tu kwa mwaka wa kwanza. Ukishika yote kumi utayaacha yote kumi.

Hatua ya 2: Ijue sheria, khasa mipaka yake

Kwa taasisi za umma huku kwetu Zanzibar, sheria ya msingi ni Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali za Umma Namba 11 ya 2016. Ununuzi wa umma si jambo la Muungano, kwa hivyo usinakili kipengele kutoka kabrasha la zabuni la Bara ukadhani kinafanya kazi hapa. Nimeona watu wakifanya hivyo, na zabuni nzima ikarudiwa.

Litazame jina la sheria yenyewe: ununuzi na uondoaji. Wengi wetu tunasoma neno la kwanza tukaliacha la pili, nalo ndilo linalogusa zile printa 37.

Kanuni moja ya kazi yetu usiisahau: kigezo ambacho hakimo kwenye kabrasha la zabuni hakiwezi kutumika kwenye tathmini. Ukitaka mzabuni arudishe tona tupu, au awalipie wafanyakazi wake michango ya ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar), andika kabla ya kutangaza. Ukikumbuka baada ya bahasha kufunguliwa umeshachelewa, na ukilazimisha, aliyeshindwa atakata rufaa na atakuwa na haki.

Usiandike masharti yanayomfaa mzabuni mmoja unayemjua, hata kama huyo mmoja ni kikundi cha akina mama unachokipenda kwa moyo wako wote. Andika sifa za bidhaa, na kikundi kisaidiwe kuzifikia.

Hatua ya 3: Uliza kama kuna haja ya kununua

Hili ni fupi. Meza iliyovunjika mguu inahitaji seremala, haihitaji meza mpya. Printa ya kila ofisi inaweza kuwa mashine moja ya ukumbini inayochapa pande mbili za karatasi. Maombi ya kompyuta 20 yaambatane na maelezo ya zilizopo zina nini. Weka mstari mmoja kwenye fomu ya maombi: "Je, kilichopo hakiwezi kutengenezwa? Eleza." Mstari huo pekee ulitupunguzia maombi, kwa sababu mtu akilazimika kueleza kwa maandishi huenda kwanza kukitazama alichonacho.

Hatua ya 4: Andika sifa ambazo mtu anaweza kuzipima

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi.

Maneno "bidhaa bora, rafiki wa mazingira" hayana maana kwenye zabuni. Kila mzabuni atajibu "ndiyo", na kamati haitakuwa na la kupima. Chukua kiyoyozi, maana kwenye joto letu ndicho kinachokula umeme wa chuo kuliko karibu kila kitu. Badala ya "kiyoyozi bora" tuliandika hivi:

"Kiyoyozi cha inveta, BTU 18,000. Gesi iwe R32 au yenye athari ndogo zaidi, R22 haikubaliki. Koili ya nje iwe na rangi ya kuzuia chumvi ya bahari. Mzabuni aoneshe matumizi ya umeme kwa mujibu wa lebo ya mtengenezaji. Vipuri vipatikane Unguja kwa miaka mitano. Fundi anayefunga awe amefunzwa kuikusanya gesi, asiiachie hewani."

Kila sentensi hapo ina sababu. Inveta ni mashine inayopunguza kasi chumba kikishapoa, badala ya kuzima na kuwaka; BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza; R22, R32 na R410A ni majina ya gesi za kupozea. R22 inakula tabaka la ozoni, na kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 nchi zinazoendelea zinatakiwa ziwe karibu zimeiondoa kabisa ifikapo 2030. Ukikinunua kiyoyozi chake leo, kesho utatafuta gesi usiipate. R410A haiharibu ozoni, ila kilo yake moja inapasha joto dunia sawa na kilo zaidi ya 2,000 za hewa ukaa, wakati R32 ni kilo 675. R32 inaweza kushika moto kidogo, ndiyo maana ya sharti la fundi. Chumvi kila anayeishi karibu na pwani anaijua: koili isiyo na kinga huliwa ikawa unga, na mashine ya miaka kumi ikafa kwa mitatu.

Kuhusu bei, usilinganishe bei ya kununua peke yake. Fanya hesabu ya maisha yote ya kifaa, na waambie wazabuni ndani ya kabrasha kwamba ndivyo utakavyofanya. Tuchukue mfano. Kiyoyozi cha kawaida kinauzwa shilingi 1,100,000 na kinakula uniti 1.7 kwa saa. Cha inveta kinauzwa 1,600,000 na kinakula uniti 1.1. Darasa linakitumia saa 8 kwa siku, siku 220 kwa mwaka, yaani saa 1,760. Tofauti ni uniti 1,056 kila mwaka. Uniti ikiwa shilingi 300, umeokoa 316,800 kwa mwaka, na ile 500,000 uliyozidisha inarudi kwenye mwezi wa 19 hivi. Weka bei halisi za siku hiyo, hesabu ni ileile. Wazee walisema rahisi huvunja upishi, na mhasibu mkuu akiiona karatasi hii hahitaji kuambiwa methali.

Tuliomo Unguja tuna sababu nyengine ya kuuthamini umeme. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikaa karibu miezi mitatu bila umeme wa kutoka Bara, baada ya njia ya waya wa baharini kupata hitilafu. Waya mpya wa megawati 100 umekuja tokea 2013, lakini aliyesoma kwa sauti ya jenereta siku zile anajua kwamba kifaa kinachokula kidogo ndicho kitakachobaki kinawaka umeme ukipungua.

Mambo mengine niyapitie kwa haraka. Samani: kwa mbao za kutoka Bara dai vibali vya kuvunia na kusafirishia, nakala ibaki kwenye faili; kwa viti vya kumbi fikiria mbao za minazi iliyozeeka, mafundi wapo. Kemikali za maabara: nunua kiasi cha muhula, maana chupa kubwa ya bei nafuu ndiyo itakayokuja kukaa kabatini miaka minane bila mtu kuthubutu kuigusa. Maji ya vikaoni: mitungi mikubwa ya kurejeshwa na gilasi. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tokea 2006, Bara ikaja kufuata 2019. Haipendezi kisiwa kilichotangulia hivyo kikawa na chuo kinachomaliza mahafali kwa rundo la chupa tupu uwanjani.

Hatua ya 5: Mfungulie mlango mzalishaji mdogo

Ukulima wa mwani pwani ya mashariki ya Unguja ulianza 1989, na mpaka leo wanaoingia baharini maji yakitoka ni wanawake kwa wingi wao. Mwani mkavu huuzwa kwa bei ndogo sana. Ukigeuzwa sabuni, thamani inabaki kijijini. Chuo kinanunua sabuni mwaka mzima. Nilidhani ni jambo la kuunganisha tu, nikakuta kuta nne.

Ukuta wa kwanza ni ukubwa wa zabuni. Tulitaka sabuni ya mwaka mzima kwa mzabuni mmoja, na hakuna kikundi kinachoweza. Tukaigawa kwa mafungu: sabuni ya mikono ya ofisi fungu moja, ya dakhalia fungu jengine, na kuletwa kila mwezi badala ya mara moja. Angalizo: mafungu yaoneshwe kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka tokea mwanzo. Kuigawa zabuni katikati ya njia ili kukwepa kiwango cha sheria ni kosa.

Ukuta wa pili ni viwango. Sabuni lazima ikidhi matakwa ya Taasisi ya Viwango Zanzibar, na hapa usimwonee mtu huruma, kwa sababu mikono itakayoitumia ni ya wanafunzi wetu. Ila unaweza kukiambia kikundi mapema, miezi sita kabla, ni karatasi gani zitahitajika. Idara ya kemia inaweza kuwapimia ukali wa sabuni kama kazi ya wanafunzi wa mwaka wa tatu.

Ukuta wa tatu ni makaratasi na mtandao. Tangazo likishawekwa kwenye mfumo wa ununuzi wa mtandaoni, aliye Jambiani au Wete bila kompyuta hajui kama limetoka. Fanya kikao cha wazi mara moja kwa mwaka, watangazie masheha wawaalike watu, uwaoneshe mpango wa ununuzi na namna ya kujisajili. Kikao kiwe cha wote, wakubwa na wadogo, na muhutasari uwekwe hadharani, ili asije mtu kusema umenong'ona na mmoja.

Ukuta wa nne ndio mrefu kuliko yote, na tumeujenga wenyewe. Ni malipo. Kampuni kubwa inaweza kungoja siku 90. Kikundi cha watu kumi na tano hakiwezi. Mafuta ya nazi na magadi ya mwezi ujao yananunuliwa kwa fedha ya mwezi huu. Kama chuo chako hakiwezi kumlipa mzalishaji mdogo ndani ya siku 30, usimwite. Utamwingiza kwenye deni na utakuwa umemdhuru kuliko kumwacha. Zungumza na mhasibu mkuu kwanza, mkubaliane kwa maandishi, ndipo utangaze.

Hatua ya 6: Mikataba ya watu – usafi na ulinzi

Asubuhi moja nilipita ngazi za jengo la mihadhara nikamkuta mama mmoja wa usafi amekaa kidatu cha chini, ndoo ya maji yenye dawa ya kuondoa madoa iko mbele yake, kitambaa anakikamua kwa mikono mitupu. Vidole vilikuwa vyeupe kwenye viungo, ngozi imechanika kama udongo wa kiangazi. Nikamuuliza, "Mama, glovu ziko wapi?" Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, glovu zinaletwa wakija wageni."

Nikarudi ofisini nikaufungua mkataba wa kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi. Hapakuwa na neno glovu. Palikuwa na idadi ya vyoo, idadi ya madirisha, na faini ya kuchelewa kusafisha. Mkataba ule niliuandaa mimi. Kampuni ilishinda kwa bei ya chini, na bei ya chini ilitoka kwenye mikono ile.

Tangu siku hiyo mikataba ya watu naiandaa hivi. Kabla ya kutangaza, nafanya hesabu ya chini kabisa: idadi ya wafanyakazi wanaohitajika, mara kima cha chini cha mshahara kilichopo, jumlisha michango ya mwajiri ya ZSSF, likizo, sare, viatu, glovu, dawa na vifaa, na faida ya wastani. Zabuni inayokuja chini ya hapo, kamati inamtaka mzabuni aeleze kwa maandishi fedha zinatoka wapi. Asipoweza kueleza, anawaibia wafanyakazi wake au ataitupa kazi katikati.

Ndani ya mkataba weka yafuatayo, na uyaweke kama sharti la malipo, maana sharti lisilogusa ankara halisomwi na mtu:

- Kila ankara ya mwezi ije na orodha ya mishahara iliyosainiwa na wafanyakazi, pamoja na risiti ya michango ya ZSSF.
- Kila mfanyakazi awe na mkataba wa maandishi kwa Kiswahili, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na nakala yake anayo yeye mwenyewe.
- Glovu, viatu na barakoa zihesabiwe na mtunza stoo wa chuo kila mwezi, kama tunavyohesabu karatasi.
- Chuo kitoe chumba cha kubadilishia nguo, maji ya kunywa na pa kusalia.
- Awepo mtu mmoja chuoni, asiye wa kampuni, ambaye mfanyakazi anaweza kumwendea na malalamiko. Mwanamke akiwa ndiye, wengi watakwenda.

Bei ilipanda, sikufichi. Bodi iliniuliza, nikawaonesha hesabu mstari kwa mstari, na mwenyekiti akataka kujua kwa nini miaka yote ile tulikuwa tukilipa chini ya gharama. Ilipita.

Hatua ya 7: Tathmini

Gawa vigezo mara mbili. Vya lazima, ambavyo asiyetimiza anatoka: vibali vya mbao, risiti za ZSSF, kutokuwepo kwa R22. Na vya alama: matumizi ya umeme, muda wa dhamana, mpango wa kurudisha taka. Vya alama visizidi vinne. Kila kimoja kiwe na ushahidi wa karatasi au wa kifaa chenyewe, na jadweli ya alama iwe ndani ya kabrasha.

Jihadhari na vyeti vyenye picha ya jani la kijani vinavyochapwa na muuzaji mwenyewe. Uliza nani alikitoa, kwa kipimo gani, mwaka gani. Kwa anayetaka mwongozo mpana, upo ISO 20400 wa 2017 unaohusu ununuzi endelevu. Ni wa kuongoza tu, hautolewi cheti, kwa hivyo mzabuni akikuletea "cheti cha ISO 20400", mrudishie.

Hatua ya 8: Kupokea na kuondoa

Sharti zuri hufia mlangoni mwa stoo. Mtunza stoo apewe nakala ya sifa zilizokubaliwa, aangalie namba ya gesi kwenye kibati cha kiyoyozi kabla ya kusaini. Kisichofanana kirudi na gari lililokileta.

Kwa tona, betri, taa na kompyuta, andika kwenye mkataba: gari linaloleta mpya liondoke na tupu, na mzabuni alete hati ya zilikopelekwa. Vifungashio vya povu jeupe virudi siku hiyo hiyo. Mzabuni atalalamika mara ya kwanza, na mara ya pili ataweka gharama hiyo kwenye bei yake. Hapo utakuwa umeijua bei halisi ya kitu.

Kompyuta zinazotoka chuoni zikiwa hai bado zina kazi skuli, mradi diski zifutwe na taratibu za uondoaji zifuatwe. Usiipe skuli kompyuta iliyokufa. Hapo utakuwa umehamisha stoo yako tu.

Hatua ya 9: Namba chache, na mtu wa kuzisema

Kila robo mwaka peleka kwenye menejimenti namba tatu: uniti za umeme kwa jengo, idadi ya tona zilizonunuliwa na zilizorudishwa, na siku tunazochukua kumlipa mzalishaji mdogo. Nilijaribu namba kumi na mbili, hazikusomwa. Sera iandikwe sasa, kurasa mbili, Makamu Mkuu wa Chuo asaini. Itaeleza yanayofanyika tayari, kwa hivyo haitakuwa na mtu wa kuipinga.

Kalenda

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na mpango wa ununuzi hupikwa miezi kabla yake. Omba funguo za stoo Januari. Februari kaa na mhasibu na vocha. Machi fanya kikao cha wazi na wazalishaji, mapema kabla mvua za masika hazijawazuia wa mashamba kufika. Aprili na Mei andika sifa, na uzipeleke kwa watakaovitumia vifaa wazisome: fundi wa umeme, mwalimu wa maabara, mama wa usafi. Huyu wa mwisho mwulize saizi ya glovu. Sisi tulinunua kubwa za kiume mara ya kwanza, zikawa zinawavuka mikononi, ikabidi tubadilishe.